Mwembe, vizimba vitupu na tarehe 1 Aprili

Saa saba mchana, mwishoni mwa Oktoba, kando ya barabara ya lami mjini Mtwara. Chini ya mwembe mmoja mkongwe wamejibana bodaboda tisa, mama lishe na masufuria yake, fundi viatu, kijana wa laini za simu, na bibi mwenye beseni la ming'oko iliyochemshwa. Hatua hamsini mbele yao kuna safu ya vizimba kumi na viwili vya fito, vimepakwa chokaa. Ndani hamna kitu. Kimoja tu kina mche, nao umekauka hadi umefanana na fito zinazoulinda.

Mwembe haukupandwa na sera yoyote.

Vizimba vilipandwa na sera.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Siyo kwamba hatupandi miti. Agizo la kila halmashauri kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka linajulikana hadi kwa watoto wa shule, na picha za viongozi wakiwa na majembe zipo. Swali ni kwa nini kivuli kinacholisha watu mjini kwetu ni kile kilichoachwa na wazee, wakati kile tunachokilipia hakifiki hata umri wa kukaa mtu mmoja chini yake.

## Jua la utosini na pesa ya korosho

Mtwara na Lindi ziko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari. Siku hizo, saa sita mchana, ukuta wa duka hautoi kivuli hata cha upana wa kiganja. Anayetaka kujificha ana njia mbili, paa au majani. Bati lisilo na dari linabeba joto na kulishusha kichwani. Majani yanapumua maji, ndiyo maana chini ya mwembe pana ubaridi ambao chini ya bati huupati.

Sasa weka juu yake kalenda ya korosho. Minada huanza Oktoba. Malipo yakishuka, mkulima wa Tandahimba au Newala anakuja Mtwara kununua bati, pikipiki, sare za watoto. Wa Mtama anateremkia Lindi. Miezi ambayo pesa nyingi zaidi inatembea mjini ndiyo ileile ambayo jua ni kali zaidi.

Mteja aliyesimama juani ananunua alichokijia, anarudi stendi. Aliyekaa kivulini anakula, anachaji simu, anakumbuka betri ya redio, anamwita mwenzake. Hapo ndipo uchumi wa mti unapoanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwembe wenye mwavuli wa mita 8 kutoka ukingo hadi ukingo unafunika mita za mraba 50. Meza moja ya biashara, pamoja na mahali pa muuzaji na wanunuzi wawili, inahitaji kama mita 6 za mraba. Watu wanane wanafanya kazi chini ya mti mmoja, bila kodi ya fremu na bila bili ya feni.

## Shaka ya kwanza: je, ni kuhamisha tu?

Mtu makini atauliza: mama lishe wa chini ya mwembe akiuza sahani kumi zaidi, si kuna mwenzake wa juani aliyeuza kumi pungufu? Mji umekua wapi hapo?

Swali hili ni la haki, na kwa wali na maharage nadhani jibu ni kwamba sehemu kubwa ni kuhamisha kweli. Mtu hali mara mbili kwa sababu ya kivuli.

Mchicha ndio ulionigeuza mawazo. Fungu la mchicha lililowekwa juani saa nne asubuhi, saa nane limelala. Linauzwa nusu bei au linatupwa. Samaki wa beseni ni hivyohivyo, na nyanya iliyoiva haichelewi. Kwa bidhaa zinazoharibika, kivuli hakimpokonyi jirani mteja. Kinaokoa mali iliyokwisha kulimwa, kuvuliwa na kulipiwa nauli. Pia kinaongeza saa: genge linalofungwa saa sita na kufunguliwa saa kumi kwa sababu ya jua linapoteza saa nne kila siku, na katika msimu wa korosho hizo ni saa za wateja wa mbali, ambao jioni wameshapanda gari kurudi kwao.

Kwa hiyo nikipewa miti mia moja tu ya kupanda, ingeanza kwenye mboga na samaki. Mbele ya ofisi ingefika mwisho.

## Dola za Portland hazifiki Ligula, Mtwara

Wanaotetea miti ya mjini hupenda kunukuu Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mji wa Portland ulikuta kuwa miti ya mtaani iliyo mbele na karibu ya nyumba iliongeza bei ya nyumba hiyo kwa wastani wa dola 8,870. New York, tathmini ya mwaka 2007 ilisema kila dola 1 iliyotumika kwa miti ya barabarani ilirudisha faida ya dola 5.60.

Siyapingi matokeo hayo. Napinga kuyabeba na kuyatua hapa kama yalivyo.

Kule, bei ya nyumba ikipanda, kodi ya nyumba hupanda nayo, na sehemu ya pesa inamrudia aliyemwagilia mti. Kwetu kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ni kiwango kimoja. Nyumba ya Shangani hapa Mtwara yenye mikwaju mitatu na nyumba ya uwanja mkavu zinakatwa sawasawa. Mti unaweza kuongeza thamani ya mtaa mzima na halmashauri isione shilingi.

Ndiyo maana mwekahazina akiambiwa miti ni uwekezaji anaitikia kwa kichwa, kisha anapeleka pesa kwenye stendi. Anachokusanya yeye ni ushuru wa soko na leseni. Mti utakaomshawishi ni ule unaoongeza idadi ya meza zinazofanya kazi mchana kutwa, na meza zinahesabika.

## Aprili

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko pengine pote.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa Tanga, Pwani, Dar es Salaam na Arusha tarehe hiyo ina maana, kwa sababu masika ndiyo yanashika. Kusini hatuna masika na vuli. Tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili au mwanzo wa Mei. Mkulima yeyote wa Mtwara anajua hilo bila kuambiwa. Hapandi mahindi yake Aprili.

Lakini miti tunapanda.

Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili unapata wiki nne, ikiwa bahati sita, za mvua. Mizizi bado haijatoka kwenye umbo la kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni. Halafu kusi linakaza, mchanga wetu unamwaga maji kama chekeche, na mbele kuna miezi sita ya ukavu. Mche uleule ukipandwa katikati ya Desemba unapata miezi minne au mitano ya mvua, na Juni ikifika mizizi imeshashuka kwenye udongo wenye unyevu.

Kuna tarehe mbaya kuliko hiyo, nayo ni 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Kupanda mti Mtwara tarehe hiyo ni kuuzika.

Nilidhani mwanzoni kuwa ni suala la sherehe tu, kwamba wakubwa wanafuata kalenda ya taifa. Nikiangalia vizuri naona bajeti pia inasukuma upande huohuo. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Pesa za miche zikitoka Septemba au Oktoba, kitalu kinaanza hapo, na miche inafikia sentimita 30 au 40 baada ya miezi mitatu au minne. Tayari ni Februari au Machi, na 1 Aprili iko mlangoni, kwa hiyo yote inasubiri siku ya wageni.

Mche wa barabarani haufai kuwa wa sentimita 30. Unatakiwa uwe na mita 1 hadi 1.5, shina nene kama kidole gumba, ndipo ustahimili mbuzi, vumbi na mtu anayeegesha baiskeli. Mche huo unakaa kitaluni miezi kumi hadi kumi na miwili, kwenye kiriba kikubwa. Ukitaka kupanda Desemba, mbegu inaingia kwenye kiriba Januari au Februari ya mwaka huohuo. Mkataba wa kitalu lazima uwe umetoka kwenye bajeti ya mwaka wa fedha uliotangulia shimo.

## Namna mti unavyopita kiangazi cha kwanza

Shimo lichimbwe Novemba, kabla ya mvua: sentimita 60 kila upande, na kina 60. Udongo wa juu ukae upande mmoja, wa chini upande mwingine. Chini ya shimo tandika makumbi ya nazi. Yanashika maji kama sponji, na huku pwani hayana bei. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa.

Ng'oa kiriba chote. Hili linaonekana dogo, lakini ukifukua mche uliokufa mara nyingi utakuta nailoni bado imeukumbatia.

Acha beseni la udongo la upana wa mita 1 kuzunguka shina, kisha funika kwa nyasi kavu, zisiguse shina. Usitumie maganda ya korosho hata kama yamejaa kiwandani na yanatolewa bure: yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na hutaki yashuke kwenye mzizi mchanga. Kizimba kifike mita 1.5, kwa sababu mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma.

Kisha maji. Lita 20 kwa wiki, dumu moja, kutoka Juni hadi mvua zianze: wiki 26, sawa na lita 520 kwa mti. Miti 100 inataka lita 52,000, yaani gari la lita 10,000 safari sita kwa msimu mzima. Hilo linawezekana. Miti 1,500,000 ingetaka lita milioni 780. Najua lengo hilo linajumlisha mashamba na misitu ya vijijini ambayo haimwagiliwi. Lakini ndani ya mji, hesabu ya maji ndiyo inayosema tupande mingapi, na idadi inayotoka ni ya mamia.

## Mti gani

Mwembe, kwa soko lenye nafasi. Ukae mita 6 au zaidi kutoka kwenye ukuta, na mbali na bati, maana msimu wa embe watoto watarusha mawe. Mwarobaini, kwa stendi na barabara kavu; unakua haraka na unavumilia, ila mbegu yake hufa upesi, ipandwe ndani ya wiki mbili tangu kuokotwa. Ufukweni, pale upepo wa chumvi unapochoma kila kitu, mtondoo unatoa kivuli kizito, na mvinje unakata upepo lakini kivuli chake ni chepesi kama chandarua. Mkungu unapendwa kwa matawi yake ya ghorofa. Usiupande juu ya mtaro, majani yake mapana yanaziba mfereji kwa mvua moja.

Mkrismasi, ule wa maua mekundu, unaumiza kidogo kuusema vibaya kwa sababu ni mzuri mno. Lakini mwisho wa kiangazi huwa umepukutisha majani. Oktoba, jua likiwa utosini na pesa ikiwa barabarani, unasimama uchi. Na mwashoki, ule mrefu mwembamba unaopangwa mbele ya majengo, kivuli chake kinamtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Tumepanda mingi sana.

Upande nao una maana. Jua la saa tisa linatoka magharibi, kwa hiyo mti uwe magharibi mwa meza. Ukipandwa mashariki, kivuli chake alasiri kinalala kwenye lami, kinayanufaisha magari.

Chini ya nyaya za umeme usipande chochote kinachozidi mita 5. Mafundi watakuja kuukata katikati kama herufi V, na hawatakuwa na makosa.

## Greda

Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ukachorwa mpana kwa mji mkubwa ambao haukuja. Upana ule ulituachia nafasi, na katika nafasi hizo watu walipanda mikorosho na miembe. Kwa vitendo, msitu wa mji wetu ni mashamba ya zamani.

Eneo likipimwa viwanja, kazi huanza na greda, na greda halichagui. Mikorosho ya nafasi ya mita 12 kwa 12, kama 28 kwa ekari, inalala asubuhi moja. Mwenye shamba analipwa fidia ya mti kama zao. Kivuli hakimo kwenye fidia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikiuza.

Mwaka 2021, wamachinga walipopangwa upya nchi nzima, ilionekana wazi kuwa kumpa mtu meza si sawa na kumpa mahali pa kazi. Eneo jipya lisilo na mti hata mmoja lina jua kwa muuzaji na halina sababu ya mteja kuingia. Kurudi barabarani, chini ya mwembe, hakukuwa ukaidi.

Tiba yake ni ya bei ndogo: kabla ya greda kuwasha, mpima ramani aweke alama kwenye miti yenye mwavuli unaozidi mita 6, na mipaka ya viwanja na njia ikunjwe kuifuata. Kubakiza mwembe wa miaka arobaini kunagharimu nusu siku ya mpima. Kuupata tena kunagharimu miaka arobaini.

Nina wasiwasi pia na upande wa pili, bustani za kupendezesha mji. Nyasi, uzio, kibao cha "usikanyage". Mti ukizungushiwa uzio na wafanyabiashara wakaondolewa chini yake, kwenye takwimu eneo la kijani limeongezeka. Kwa mfuko wa mtaa limepungua.

## Lindi: msitu wa mji ulio majini

Lindi ina msitu wa mjini ambao hauitwi hivyo: mikoko ya ghuba na ya mlango wa mto Lukuledi. Kamba na kaa wanakulia kwenye mizizi ile kabla ya kuwa biashara ya mtu yeyote. Inakatwa kwa boriti na kuni, na sehemu nyingine iligeuzwa mashamba ya chumvi. Chumvi ni ajira halali na sipendi kuisema kama dhambi. Ninachokiona ni mashamba ya chumvi yaliyoachwa, ambayo hayatoi chumvi wala kamba.

Huko nako kuna kosa la kupanda. Vikundi hupewa mbegu za mkoko wakazichomeka kwenye tope la mbele kabisa, kwa sababu ndipo palipo wazi na picha inapendeza. Pale maji yanakaa muda mrefu mno. Miche inazama au inavaa chaza na kuvunjika. Kila mkoko una mstari wake: mlilana mbele, mkoko na msinzi kati, mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu.

Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, kazi bora mara nyingi haihusu mbegu kabisa. Ni kuvunja tuta sehemu mbili tatu pale mkondo wa zamani ulipopita, maji yaingie na kutoka. Mbegu zinakuja zenyewe na bamvua, maji yanapojaa sana. Kibali kinahitajika, kwa kuwa mikoko yote ni hifadhi, lakini jembe na siku chache za kibarua ni nafuu kuliko miche elfu kumi.

## Nani alipwe, na lini

Tunalipa kwa mche uliopandwa, na kwa hiyo tunapata miche iliyopandwa.

Mkataba ninaoufikiria uko hivi. Kikundi cha vijana cha kitalu, kinachoweza kuanza na mkopo kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, kinalipwa asilimia 40 mti ukiwa shimoni Desemba. Asilimia 30 inalipwa 30 Novemba inayofuata, baada ya kiangazi cha kwanza, kwa miti iliyo hai tu. Asilimia 30 ya mwisho ni baada ya kiangazi cha pili. Mti uliokufa haulipiwi, kwa sababu yoyote ile, mbuzi akiwemo.

Wa kumwagilia awe anayekula kivuli. Kijiwe cha bodaboda tisa kikikabidhiwa miti mitatu kwa maandishi kinahitaji madumu matatu kwa wiki. Kila mmoja zamu yake inamfikia mara moja kwa wiki tatu. Kwa upande wake, halmashauri iandike kwamba kijiwe hakitahamishwa kwa miaka mitano. Bila mstari huo, hakuna mtu mwenye akili atakayemwagilia mti wa mtu mwingine.

Na kipimo. Karibu na tarehe 20 Oktoba, saa sita mchana, kivuli kinaanguka wima chini ya matawi, kwa hiyo unapima mwavuli halisi bila kupanda mti. Chukua futi kamba, nenda sokoni, stendi na mnadani kwa samaki. Pima upana wa kila kivuli, hesabu meza zilizo ndani yake na zilizo nje, uliza ni ngapi zinafungwa mchana. Andika kwenye karatasi moja, ipelekwe kwa diwani kabla bajeti haijaanza kuandaliwa. Kukiwa na wingu siku hiyo, rudi kesho yake; jua litakuwa limesogea kidogo sana.